Pengo Kwenye Sauti ya Menyu

Mtaa mzima ulimwita Bwana Harusi, na si kwa kuwa alioa mara nyingi. Alioa mara moja tu, tena mkewe husema alioa nusu, maana siku ya harusi yao aliinuka kitini mara tatu kwenda kumwelekeza mpiga video namna ya kushika kamera. Mara ya tatu mkwe wake alimkamata koti akamrudisha chini. Video ipo, mwenye macho aitazame: bibi harusi kakaa peke yake, kanuna, na pembeni yake kiti kitupu.

Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna Jumamosi iliyompita bila harusi, na zote za watu wengine. Alianza kwa kumbebea taa fundi mmoja mkali, akapanda akashika kamera ya pili, mwishowe akanunua ya kwake na kufungua duka. Na katika harusi zote hizo, mamia kwa mamia, hakuna hata moja aliyokaa chini. Alikula wima, sahani juu ya spika. Alikunywa soda huku akirudi kinyumenyume mbele ya maharusi. Mtu kama huyo watu humwita kiguu na njia, na yeye aliona ni sifa.

"Ukikaa tu, tukio limekupita," alikuwa akisema.

Haya, zikaja diski. Wenzake walikuwa wakichoma harusi kwenye diski, ukiitia ndani ya deki inaanza papo hapo, kama mgeni anayeingia chumbani bila kupiga hodi. Bwana Harusi hakupenda. Yeye ndiye wa kwanza pale mjini kuweka menyu: kabla ya filamu, unaona kwanza picha ya maharusi, chini yake maneno ya kuchagua, Nyumbani, Ukumbini, Zawadi, na nyuma yake sauti inayojirudiarudia mpaka mtu abonyeze rimoti. Watu walikuja kutoka mbali kutaka "ile yenye hodi". Alivimba kichwa, na nani asingevimba?

Lakini dunia haimsubiri mtu. Simu zikaanza kupiga video, kila shangazi akawa mpiga picha, na kompyuta mpya zikatoka kiwandani hazina hata mahali pa kutia diski. Sasa duka lake lilikuwa la picha za vitambulisho na kutoa nakala. Kazi ya kumwambia mtu "inua kidevu" mara arobaini kwa siku! Miguu yake, iliyozoea kuzunguka kumbi, ilibaki na chumba chenye upana wa kitanda. Akawa anatoka mlangoni, anaangalia barabara, anarudi, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa, anatoka tena. Mkewe alikuwa msusi, chumba chake na hilo duka vilitenganishwa na ubao mwembamba, na alisikia kila kitu.

"Baba Watoto!" alipiga kelele kupitia ubao. "Umetoka mara ya kumi na moja. Kuku akitaka kutaga si hutafutiwa kiota?"

Wateja wake walicheka, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Bwana Harusi naye alicheka. Lakini moyoni hakucheka. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na ile hali ya kutotulia ilikuwa imeanza kumtisha, kwa sababu zamani ilikuwa na pa kwenda na sasa haikuwa napo.

Siku hiyo mchana aliingia mwanamke mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikaa kwenye kigoda cha picha bila kukaribishwa, akatoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwa taulo dogo, akakifungua taratibu. Ilikuwa diski.

"Kaka fundi, nimeelekezwa kwako. Nimeshapita kwa mafundi watatu na wote wamenirudisha. Ukinirudisha na wewe, sijui nitakwenda wapi."

"Hebu tuone, dada. Unataka nini?"

"Sauti ya mwanzo. Ile ya kabla ya filamu."

"Ya menyu?"

"Sijui inaitwaje. Ile inayojirudia. Filamu siitaki kabisa. Kila fundi ananiambia tayari, nikifika nyumbani nakuta harusi ya kaka yangu nzima, watu wanacheza, sauti yangu haimo."

Hapo Bwana Harusi akatabasamu, maana siri hiyo aliijua. Filamu na menyu hukaa kwenye mafaili mbalimbali ndani ya diski. Programu za kutoa video hukimbilia mafaili makubwa, yale ya filamu, na lile faili dogo la juu hulipita kama kwamba ni uchafu. Wale mafundi watatu hawakuwa wezi, walibonyeza kitufe kimoja tu wakajiona wamemaliza.

"Sasa ya nini, hiyo sauti peke yake?"

Mwalimu akashusha pumzi. "Ni ya baba. Baba amesahau karibu kila kitu, kaka. Mimi ananiita jina la dada yake aliyefariki. Hilo nimezoea. Ambalo sijazoea ni kutembea. Hatulii! Alfajiri anaamka, anazunguka chumba, anajaribu milango, ukigeuka kidogo ameshafika barabarani. Mwezi uliopita gari lilifunga breki hatua moja tu kutoka kwake. Kitu pekee kinachomkalisha ni hiyo sauti. Siku moja niliweka diski nikakosa rimoti, nikaiacha ikijirudia, nikaenda jikoni. Niliporudi nilimkuta amekaa. Nilikaribia kulia. Tangu siku hiyo naiwasha nikienda shule, jirani anakuja kumwangalia, na baba anakaa mpaka nirudi. Lakini deki inakufa. Inakwama, inakohoa, jana imezima mara mbili. Ikizima, baba anaondoka."

Bwana Harusi aliichukua diski akaigeuza. Mwandiko wa kalamu nene juu yake ulikuwa wa kwake, wa enzi zile alipokuwa akichora moyo pembeni ya jina. Hii ilikuwa ya kwanza. Menyu ya kwanza kabisa aliyowahi kutengeneza.

"Kuna mwanamke anaimba kwa ndani ndani, hana maneno," alisema, kama anayekumbuka ndoto. "Ni mama yenu?"

"Mama? Mama alikuwa haimbi hata kwa kulazimishwa. Ni mpishi tuliyemkodi. Hata jina lake hatulijui."

Aliikumbuka asubuhi ile. Alikuwa amefika mapema mno, kama kawaida yake, akawa anazunguka uani nyuma ya nyumba na kamera inarekodi bure. Wapishi walikuwa kazini. Mfuniko wa sufuria kubwa ulifungwa kwa kishindo, kisha fagio likafagia, fsss, fsss, maji yakachemka yakamwagikia moto, na mpishi mmoja akaimba puani. Alipokosa muziki wa menyu alikata sekunde ishirini na saba za hapo akaziweka.

Na alikumbuka jingine, ambalo hakumwambia mwalimu. Siku zile hakujua kuunganisha mwisho na mwanzo. Sauti ilifika mwisho ikakatika, pu! kama mtu aliyezibwa mdomo. Deki ikakaa kimya ikirudi mwanzo, ndipo mfuniko ukapiga tena. Mafundi wenzake walimcheka kwa pengo lile hadi akaona haya kutembea mjini. Menyu zilizofuata alififisha mwisho na mwanzo wake pengo lisisikike, lakini ile ya kwanza ilikuwa imeshatoka, na sasa miaka kumi na tisa baadaye imerudi kumkalia mezani.

"Niachie," alisema. "Kesho jioni njoo."

Aliifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Alishusha kutoka juu ya kabati kompyuta mpakato yake kuukuu, nene, yenye mlango wa diski, ile ambayo mkewe alishaitishia mara tatu kuigeuza kigoda. Diski ilisoma, ikakwama, ikasoma. Alifungua folda, akayapita mafaili manene, akachukua lile dogo. Akaitenga sauti na picha. Mfuniko ukapiga ndani ya duka, fagio likafagia, mpishi akaimba, na Bwana Harusi akasimama katikati ya chumba akisikiliza mlio wa asubuhi aliyoisahau. Ilikuwa imetoka nzima.

Hapo angeacha. Kazi ilikuwa imekwisha, na kilichoagizwa kilikuwa mkononi. Lakini mwambie nani! Fundi mwenye miguu inayowasha na mchana mtupu mbele yake hawezi kuacha kitu kilivyo. Akaanza. Alipunguza kishindo cha mfuniko kwa sababu kilishtua. Alifuta mkwaruzo wa chinichini. Kisha akachukua mwisho wa wimbo akaufuma na mwanzo, kwa uangalifu kama wa mkewe anapoficha ncha ya uzi ndani ya msuko, mpaka sauti ikawa duara lisilo na mlango. Ukiisikiliza saa nzima hujui inaanza wapi inaishia wapi. Alifanya kazi hiyo kutwa na siku ya pili asubuhi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakutoka mlangoni hata mara moja.

"Mbona kimya huko?" mkewe aliuliza kupitia ubao. "Umekufa?"

"Nafuta aibu yangu," alijibu.

Mwalimu alipokuja, alimpa flashi na spika ndogo. "Hii haikwami, haikohoi, haikatiki. Hata ukiiacha mwezi mzima. Sikia!" Mwalimu akasikiliza akashukuru mpaka akakosa maneno. Jioni hiyohiyo, mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni, mwalimu akampa ile deki. Ya nini tena kubanana nayo?

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, muda wa chakula cha mchana, mlango wa duka ulisukumwa ukagonga ukuta. Mwalimu alikuwa amesimama pale, kiatu kimoja kimefunguka kamba, macho mekundu.

"Umemfanya nini baba yangu?"

Mteja aliyekuwa ameinua kidevu akakishusha. Upande wa pili wa ubao mikono ya msusi ikasimama.

"Dada, kuna nini?"

"Hatulii! Toka juzi hakai! Ukiwasha hiyo sauti yako ndiyo anazidi. Juzi alizunguka tu, nikasema ataizoea. Leo ananyoosha mikono, anairudisha, anapiga kelele linaungua, linaungua! Jirani kaenda kumletea maji, kurudi hayupo. Unajua nimempata wapi? Lango la nyuma la hospitali kubwa! Kavuka barabara mbili, peke yake, anagombana na mlinzi afunguliwe aingie. Barabara mbili, fundi!"

"Lakini sauti ni ileile," alisema Bwana Harusi. "Tena nimeiboresha."

"Umeiboreshea nani?"

Mkewe alikuwa ameshatokea mlangoni na kitana mkononi, akimtazama, na safari hii hakuwa na utani.

"Nenda," alimwambia. "Si una miguu? Leo ndiyo zamu yake."

Alikwenda, kompyuta kuukuu kwapani na diski mfukoni, nusu anatembea nusu anakimbia, na mwalimu mbele yake. Njiani aliomba kimoyomoyo ile deki iwepo, asikie ilivyokuwa ikilia. Kufika, akaambiwa imeondoka na mkokoteni. Maji yakamfika shingoni.

Chumba kilikuwa na makochi mawili, meza yenye madaftari ya wanafunzi, na mlango uliofungwa kwa komeo jipya. Mzee alikuwa wima. Mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anatoka dirishani anakwenda mlangoni, anajaribu kitasa, anarudi dirishani. Bwana Harusi alimtazama. Alikuwa anajiona mwenyewe. Mzunguko uleule, wa dukani kwake, isipokuwa huyu hakuwa na mtu wa kumtania kupitia ubao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee hakusimama. "Msimamizi yuko wapi? Mwambie mashine haifunguki."

"Ndio hivyo kutwa nzima," mwalimu alinong'ona. "Mashine, mashine."

Bwana Harusi aliweka kompyuta mezani, akatia diski yenyewe, akaiacha menyu icheze. Mfuniko ulipiga kwa kishindo chake cha zamani. Mzee akageuza kichwa. Akaja. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, mikono juu ya mapaja, na mwalimu akashika kifua kwa matumaini. Fagio likafagia, maji yakafoka, mpishi akaimba, sauti ikakatika, na papo hapo kompyuta ikaruka mwanzoni, mfuniko ukapiga. Mzee akaivuta mikono kwa hofu kama aliyekaribia kubanwa, akainuka.

"Mapema! Mnataka kuniunguza tena?"

Hapo ndipo Bwana Harusi alipoiona ile mikono. Nyuma ya vidole vya mkono wa kushoto kulikuwa na kovu lililonyooka kama rula, la zamani, linang'aa.

"Dada," aliuliza polepole, "baba alikuwa anafanya kazi gani?"

"Dobi. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Miaka thelathini na moja."

"Dobi wa kufua au wa kupiga pasi?"

"Pasi. Ile mashine kubwa ya mashuka, ya mvuke. Unatandika shuka, mfuniko unashuka wenyewe, unasubiri, unafunguka, unatoa..." Mwalimu alimtazama baba yake, kisha kompyuta. "Mungu wangu. Na mimi nilidhani anapapasa magoti tu."

Fundi alikuwa ameshaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Mfuniko wa sufuria ulikuwa mfuniko wa pasi. Fagio na maji ya moto vilikuwa mvuke. Na lile pengo, aibu yake ya miaka kumi na tisa, ndio muda ambao mashine ilikuwa wazi: mzee anatoa shuka, anatandika jingine, anaondoa mikono. Miezi yote hiyo mzee hakuwa anasikiliza harusi, alikuwa kazini. Halafu akaja fundi hodari akaifunga mashine isifunguke tena, shuka likabaki ndani linaungua, na mfanyakazi mwaminifu akatoka kwenda kumtafuta msimamizi.

"Nimemfungia mashine," alisema kwa sauti. "Mimi, kwa mikono yangu. Kwa sifa."

"Basi irudishe kama ilivyokuwa."

"Pengo halimo kwenye diski, dada. Lilikuwa la deki yenu. Ilikuwa nzito kurudi mwanzo, kila deki na uzito wake. Kwangu ninayo moja, lakini nayo ina uzito wake. Sijui lenu lilikuwa la muda gani."

Mwalimu alikaa chini sakafuni pale pale, akaegemea meza. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. "Kwa hiyo hakuna anayejua."

"Yupo," Bwana Harusi akasema. "Mmoja."

Akavuta kiti, akakiweka mbele ya mzee, akakaa. Ilikuwa saa nane mchana. Alichukua sauti ghafi, ile aliyoitoa kabla ya kuiharibu, yenye kishindo na mkwaruzo wake, akaongeza kimya cha sekunde moja mwishoni. Aliiwasha. Ilibidi wasubiri mzee azunguke mara nne ndipo akae. Mfuniko ulipiga, mvuke, wimbo, kimya, na mfuniko tena. Mikono ya mzee ilikuwa bado hewani.

"Mapema," alinung'unika. Lakini hakuinuka.

Fundi akaweka sekunde tatu. Mzee akatoa, akatandika, akaivuta mikono, akasubiri, akasubiri, kisha akatazama mlango. "Mvuke unapotea huo. Nani kaacha wazi?" Akainuka nusu. Fundi akazima haraka. Miguu yake yenyewe ilitaka kwenda. Goti lilikuwa linacheza lenyewe, na kila neva mwilini ilimwambia toka, pumua nje, rudi baadaye. Akaweka kiganja juu ya goti akalikandamiza. Ukikaa tukio limekupita, alizoea kusema. Leo ilikuwa ni kinyume.

Sekunde mbili. Karibu. Mikono ilitandika, lakini ilikimbizwa kidogo mwishoni. Mbili na nusu, ikangoja kidogo. Hakuwa akitazama tena kompyuta. Alitazama vile viganja vyenye mishipa: vinashuka, vinashika pembe mbili ambazo hazipo, vinavuta, vinatua, vinalainisha kutoka katikati kwenda nje, kama yeye anavyofuta diski. Kisha vinatoka. Mbili na robo.

Mfuniko ukapiga mara tu vidole vilipotoka.

Mzee akashusha pumzi. Mgongo ukagusa kochi. Mvuke ukafoka, mpishi akaimba puani, kimya kikaja, viganja vikashuka, vikatandika, vikatoka, kwaa! Na tena. Na tena. Dakika kumi zikapita, ishirini, hakuna aliyethubutu kusogea. Mwalimu alikuwa analia bila sauti, machozi yanamdondokea kwenye chaki ya mikono ya blauzi.

"Ondoa komeo," Bwana Harusi alinong'ona.

"Nini?"

"La mlangoni. Tuone."

Mwalimu aliinuka kwa wasiwasi, akafungua. Mlango ukakaa wazi, mwanga wa barabara ukaingia mpaka kwenye zulia. Mzee aliutazama mara moja, kama mtu anayetazama saa ya ukutani akaona bado mapema, akarudi kwenye mashuka yake.

Fundi akaanza kuihamishia sauti kwenye flashi. Alipomaliza, akaichomeka kwenye spika ndogo sauti ikaendelea, akafunga kompyuta, akasogeza kiti aondoke. Kazi imekwisha, si ndivyo? Lakini mzee akamnyooshea mkono wenye kovu.

"Kijana, unakwenda wapi? Shika upande huo. Mashuka hayakunjwi na mtu mmoja."

Bwana Harusi, mwenye miaka hamsini na minne na mjukuu mmoja, aliitwa kijana, akatii. Alinyoosha mikono akashika pembe mbili za hewa. Mzee alivuta upande wake, akamkazia macho mpaka naye akavuta wake. Wakakunja mara moja, wakakutanisha pembe, mikono ya mzee ikagusa yake, mikavu na yenye joto. Mzee akaliweka shuka pembeni, juu ya mengine.

"Unajifunza," alisema. "Zamani nilikuwa na mwenzangu hapo. Hakai, yule. Kila saa nje."

Fundi alitaka kuuliza yule mwenzake aliishia wapi, akaogopa jibu. Alikuwa anajiuliza jambo moja tu: siku miguu yake itakapomtoa nyumbani bila yeye kujua, ni sauti gani wataiwasha ili akae? Kwa maisha yake yote ya kuzunguka, ipi ni ya kwake? Alifikiri sana. Mwishowe alisikia kichwani ubao mwembamba, na nyuma yake mtu anapiga kelele: Umetoka mara ya kumi na moja!

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliipokea kwa mkono mmoja, wa pili ukishika pembe.

"Baba Watoto, saa kumi na moja hii. Uko wapi?"

"Niko kwa mzee. Nimekaa."

"Umekaa?"

"Tangu saa nane."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mama Watoto, hebu sema kitu. Chochote. Piga kelele kama unavyofanya kupitia ubao, nataka kukurekodi." Kidole chake kikabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Unirekodi kelele za nini? Wewe mwanamume una wazimu? Maliza hayo mambo yako urudi!"

"Hiyo hiyo inatosha," alisema, akaihifadhi. "Nitarudi. Tukimaliza mashuka."

Akaiweka simu chini. Kimya kilikuwa kimeanza, sekunde mbili na robo, na mzee alikuwa ameshashika pembe zake, anamsubiri.